Jinsi ya kupanga muziki wa Jumapili ya kupumzika, asubuhi mpaka usiku

Jumapili moja nimejilaza zangu kwenye kochi, dirisha wazi, nasikiliza plelisti imeandikwa utulivu, nyimbo 3 za kwanza safi kabisa, ya 4 inaingia dramu zinagonga kama mtu anabomoa mlango na jamaa anapayuka juu yake, basi raha yote ikaisha nikaanza kuhangaika simu iko wapi. Tangu siku ile nikawa napanga mwenyewe, na nilichogundua ni kwamba Jumapili inataka albamu nzima nzima, chache tu, zilizofuatana na mwendo wa siku. Sita au saba zinakutosha kutwa. Ntakueleza navyofanya na zipi naweka, soul, yaani muziki wa Wamarekani weusi wa kuimba kwa hisia, na indie ile ya upole, ya wanamuziki wanaojitegemea, alafu we utabadilisha kulingana na masikio yako.

Anza na simu kwanza. Zima ile ya kuchanganya mpangilio wa nyimbo, hii ni muhimu mno, chukua mfano albamu ya What's Going On ya Marvin Gaye ya 1971, kama dakika 35 hivi, nyimbo zake zimeunganishwa moja inamwagikia kwenye nyingine, ukiichanganya unakuwa unakata kitambaa katikati. Zima pia ile inayoendelea na nyimbo za kubahatisha albamu ikiisha, maana ule ukimya wa dakika mbili tatu kabla hujaweka nyingine nao ni mapumziko. Kisha kwenye mipangilio tafuta ile ya kusawazisha sauti uiwashe, kwa sababu rekodi za miaka ya 70 nyingi ziko chini kuliko za siku hizi, usipoiwasha utakuwa unapandisha na kushusha siku nzima. Spika yako ikiwa ndogo na haina besi isogeze karibu na ukuta au kona, besi itajaa yenyewe bila kununua kitu. Sauti iwe ya kiasi ambacho mtu akikuita kutoka chumba kingine unamsikia.

Sasa wimbo mpole unaujuaje kabla haujakuharibia? Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha mara 4, ikitoka kati ya 60 na 95 hivi uko pazuri. Ila mwendo peke yake hautoshi, zipo nyimbo za taratibu kabisa lakini zinachosha kwa sababu kila kona imejazwa kitu, vinanda juu ya vinanda, waitikiaji kumi. Mi nasikiliza hewa, yaani gitaa likinyamaza kidogo je unasikia nafasi pale, mwimbaji anavuta pumzi, besi inangoja zamu yake. Wimbo wenye hewa unaweza kuwa nao saa nzima usichoke. Na usidhani mpole lazima uwe wa huzuni, watu wengi wanakosea hapa. For Emma, Forever Ago ya Bon Iver, ile aliyorekodi kwenye kibanda huko Wisconsin wakati wa baridi, naipenda kwa moyo wote lakini ina uzito wake, ukiiweka asubuhi ya Jumapili siku nzima inainama. Hiyo iwekee siku nyingine.

Asubuhi naanza na gitaa tupu. Kings of Convenience, vijana wawili wa Bergen kule Norway, Quiet Is the New Loud ya 2001, sauti mbili zinaimba kama hazitaki kumwamsha mtu chumba cha pili, hakuna haraka popote. Au Veneer ya José González ya 2003, Mswidi mwenye wazazi wa Argentina, yeye na gitaa lake la nyuzi za nailoni karibu mwanzo mpaka mwisho, vidole vinatembea kwenye nyuzi kama mvua nyepesi. Chagua moja, usiweke zote mbili mfululizo maana utaanza kuzisahau. Ikiisha ndo namleta Minnie Riperton, Perfect Angel ya 1974, Stevie Wonder alishiriki kuitengeneza. Ule wimbo wake wa Lovin' You hauna dramu kabisa, ni gitaa, kinanda cha umeme na ndege wanaolia, na ulianza kama wimbo wa kumbembeleza bintiye Maya, mwishoni unamsikia analitaja jina la mtoto. Ukishajua hilo unausikia tofauti, mi kila nikifika pale nanyamaza.

Mchana ndo kiini cha siku, hapa ni soul na hapa usibane muda. Ukiwa na nafasi ya albamu moja tu kwenye Jumapili yako yote weka Just As I Am ya Bill Withers ya 1971. Huyu bwana alikuwa mtu mzima ana miaka 32 ilipotoka, anafanya kazi kiwandani wanatengeneza vyoo vya ndege, na picha ya jalada ilipigwa palepale kazini ameshika kisanduku chake cha chakula. Prodyuza, yaani aliyesimamia kurekodi, ni Booker T. Jones. Sikiliza jinsi anavyoimba, hakuna kujionyesha, ni kama anakusimulia jambo akiwa amekaa pembeni yako. Kwenye Ain't No Sunshine ile sehemu anayorudia maneno yaleyale mara 26, alikuwa na nia ya kuandika beti nyingine pale, wenzake studio wakamwambia acha hivyohivyo, na kweli pale ndo moyo wa wimbo wenyewe ulipo. Na hauzidi sana dakika 2! Alafu kuna Grandma's Hands kuhusu mikono ya bibi yake, huo sikuelezei, usikilize tu ukiwa umetulia hufanyi kitu kingine.

Baada ya Withers mpe zamu Al Green. I'm Still in Love with You ya 1972 au Call Me ya 1973, yoyote. Zimerekodiwa Memphis, Royal Studios, jengo lililokuwa sinema zamani na sakafu yake bado ina mteremko, na prodyuza Willie Mitchell alikuwa anamsihi Green ashushe sauti, aimbe laini, wakati mwenyewe alitaka kukaza kama waimbaji wengine wa enzi zake. Mitchell alikuwa sahihi, ile sauti ya kunong'ona inayopanda ghafla ikarudi chini ndo inafanya uisikilize mara mia. Mtegee sikio pia mpiga besi Leroy Hodges na ndugu zake kwenye gitaa na kinanda, wanacheza kidogo sana, kila noti imepimwa.

Ile saa ya alasiri ambapo unasinzia au unasoma kitu, maneno yanasumbua, kwa hiyo weka muziki usio na uimbaji mwingi. Khruangbin, watatu wa Houston, The Universe Smiles Upon You ya 2015, waliirekodi ghalani mashambani huko Texas na ndani yake kuna harufu ya fanki ya Thailand ya miaka ya 60 na 70, hata jina lao ni neno la Kithai la ndege, eropleni yaani. Mpiga gitaa na mpiga dramu walikutana wakipiga kwenye bendi ya kanisa, ndo maana wanaelewana bila kugombania nafasi. Men I Trust wa Montreal nao wanafaa hapa, Oncle Jazz ya 2019 ina nyimbo 24, huhitaji kuamka kubadilisha.

Jua likianza kushuka, Sade, Love Deluxe ya 1992. Nyimbo 9 na ya mwisho, Mermaid, haina kuimba kabisa, inakuacha taratibu kama mtu anayetoka chumbani bila kufunga mlango kwa kishindo. Wengi wanamsikiliza Sade vipande vipande, hit hapa hit pale, we isikilize yote kwa mpangilio wake uone.

Au kama unataka kitu cha siku hizi, Love & Hate ya Michael Kiwanuka ya 2016. Ni Mwingereza, wazazi wake walitoka Uganda, na wimbo wa kufungua una dakika 10 hivi, beti la kwanza unalisubiri karibu nusu ya huo wimbo, na Jumapili ndo siku pekee mtu ana subira hiyo. Usiuruke mbele tafadhali.

Ukishazoea utataka kutafuta zako, na njia yangu ni kuacha kufuata aina ya muziki na kuwafuata watu waliokuwa studio. Soma majina ya maprodyuza, sehemu nyingi ukibonyeza kwenye wimbo yanatokea. Kwa mfano kwenye hiyo Love & Hate utakutana na jina Inflo, mfuate, atakupeleka kwa Cleo Sol, Rose in the Dark ya 2020 na Mother ya 2021, soul ya London laini kupita kiasi, hizo zote mbili zinaingia asubuhi bila tatizo. Au mrudie Minnie Riperton, tafuta aliyemtengenezea albamu yake ya kwanza, Come to My Garden ya 1970, unamkuta Charles Stepney wa Chicago, na ukimfuata Stepney unafika kwa Terry Callier, What Color Is Love ya 1972, nilifika hapo kwa njia hiyohiyo na sikuwa namjua kabisa.

Hiyo ya Callier ndo nafungia siku. Haijulikani na wengi, ni soul na foki na jazi vimelala kitanda kimoja, na wimbo wa kwanza, Dancing Girl, unakaribia dakika 9, unaanza na gitaa na sauti ya chini kabisa kisha vinanda na tarumbeta vinajaa polepole mpaka chumba kizima, alafu vinarudi chini tena. Zima taa, weka simu mbali na mkono, uache mpaka uishe.