Namna ya kuzungukia benye kukamua kasiksi kwa miguu, kando ya Bukavu

Hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, hatuna mizabibu, lakini ndizi kuko, na kasiksi, pombe ya ndizi, njo vino yetu. Tofauti ni kwamba vino inaweza kulala miaka ku shupa, kasiksi haingojee mutu, siku chache tu inaanza kugeuka siki. Kwa hiyo usianze na ramani, anza na kuuliza nani amekamua lini. Ku soko ya Mudaka, ao ku Nyangezi, ao kule juu Kabare, uliza bamama asubui, "kasiksi ya juzi iko kwa nani?" na batakuonyesha mpaka mlango.

Miezi mizuri ni ya 6 mpaka ya 8, vumbi iko lakini afazali vumbi kuliko ule udongo wa mvua wenye kunasa kiatu. Mbele ya kutoka uliza bamotari (benye kubeba batu na pikipiki) hali ya njia, juu inaweza kubadilika siku moja, na ukifika kijiji hawakujui, pita kwanza kwa shefu wa kijiji umusalimie.

Jaribu kufika siku ya kukamua yenyewe, hiyo ndiyo sehemu ya kuona. Ndizi mbichi zinazikwa ku shimo na majani ya mugomba mpaka ziive, kiisha banazimenya na kuzikanda pamoja na nyasi ndani ya mutumbwi wa mti, nyasi inashika ile nyama ya ndizi na maji tamu inabaki inatiririka. Hapo bado ni juisi, hata mtoto anakunywa. Banachanganya maji kidogo, banatia unga wa mtama wa kukaanga, banafunika, na kesho yake unasikia inachemka yenyewe bila moto. Ukiweka sikio karibu inafanya tss tss. Kesho yake iko bado tamu, keshokutwa inapanda kichwa. Miye napenda ya katikati.

Ukifika sema "Asinge", ni salamu ya Mashi, luga ya huku, kaa penye bamekuonyesha, ngoja. Mwenye nyumba ataonja wa kwanza, usishangae: mutu wa Bukavu anaogopa karuho, ni kusema sumu, basi anakuonyesha kwamba kinywaji iko safi. Asipoonja, unaweza kumuomba kwa upole, haiko matusi. Kisha kunywa polepole, kula muhogo ao maharagi mbele, na usimalize kibuyu kimoja kama bado una nyumba tatu za kupitia na mlima wa kupanda. Wakikuletea kanyanga, pombe kali, badala ya kasiksi, sema asante na uache, ile ya kuchemsha nyumbani inaweza kuwa na methanoli na inapofusha batu.

Shambani usikate chochote na kisu yako. Mnyauko, ugonjwa wa migomba, ulionekana Masisi, Kivu ya Kaskazini, mwaka 2001, ukashuka mpaka kwetu, na kisu chafu njo inaupeleka kutoka shamba moja kwenda ingine. Ukiona majani ya manjano yanalegea, mwambie mwenye shamba, usiguse.

Ukinunua bidoni ya kurudisha mjini, usikaze kifuniko kabisa, kasiksi inaendelea kuchacha njiani, bidoni inavimba mpaka siku moja inarukia batu ku taksi. Acha hewa itoke kidogo, ishike wima kati ya miguu, na ukifika mpe mtu akunywe usiku uleule.