Gari limemuua mtu wako: jinsi ya kudai fidia Kenya na kumpata wakili wa kweli

Nafanya ukarani katika ofisi ya wakili hapa Mombasa, na faili nyingi zinazopita mikononi mwangu ni za watu waliokufa barabarani kati ya Mariakani na Voi. Wateja hudhani kesi hushindwa mbele ya hakimu. Nyingi hushindwa kwenye makaratasi, tena wiki za mwanzo, familia ikiwa bado matangani. Ndiyo maana wakili nimemweka hatua ya nne.

Hatua ya kwanza: mfukuze broka

Broka ni mtu anayewatafutia mawakili wateja, na atakuja. Wakati mwingine hufika mochari kabla ya shemeji zako. Atakupa pole, atajitolea kulipia gari la maiti, kisha atoe fomu na kalamu. Usitie sahihi wala kidole gumba, na kitambulisho cha marehemu kisitoke mkononi mwako. Wakili kutafutiwa wateja na mabroka ni kosa kisheria, na anayeanza kazi kwa kosa sioni kwa nini umwamini na pesa za mayatima.

Fomu nyingine ya kuogopa ni ya kampuni ya bima. Huwa na laki moja au mbili, na maneno madogo chini yanayosema umepokea malipo kamili na hutadai tena. Ukishatia sahihi hiyo, kuifungua ni kazi ngumu mno.

Hatua ya pili: kusanya karatasi zikiwa bado moto

Anza na abstrakti ya polisi, yaani karatasi ya muhtasari wa ajali, kutoka kituo kilichoshughulikia ajali. Isome palepale kaunta kabla hujaondoka. Angalia nambari ya gari herufi kwa herufi, jina la mwenye gari, kampuni ya bima na nambari ya hati ya bima, jina la marehemu lilivyoandikwa kwenye kitambulisho, na tarehe. Nimeona KBZ ikiandikwa KBX, na familia ikatafuta mwenye gari asiyehusika kabisa. Kurekebisha siku hiyo ni dakika tano. Baada ya mwaka, afisa aliyeandika amehamishwa Lodwar.

Kisha chukua ripoti ya upasuaji wa maiti, cheti cha kifo, na rekodi ya umiliki wa gari kutoka NTSA (Mamlaka ya Usalama wa Barabara na Uchukuzi), kwa sababu abstrakti peke yake inaweza kubishaniwa. Ongeza hati za mshahara au taarifa za M-Pesa, vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vya watoto, na risiti za mazishi: sanduku, mochari, usafiri. Mahakama huweza kutoa kiasi cha wastani cha mazishi hata bila risiti, lakini mwenye risiti habishiwi. Mashahidi je? Chukua namba za simu za waliokuwepo, hata muuza mahindi wa kando ya barabara.

Usingoje kesi ya trafiki iishe. Dereva akipatikana na hatia, hukumu hiyo itakusaidia sana. Akiachiliwa, bado waweza kumshtaki kwa fidia, maana kiwango cha ushahidi hapa ni cha chini kuliko cha jinai.

Hatua ya tatu: pata granti

Hapa ndipo wengi huanguka. Kuwa mjane hakukupi mamlaka ya kushtaki kwa niaba ya mali ya marehemu. Unahitaji granti, yaani idhini ya mahakama, ya kufungulia kesi, ile mawakili wanayoiita *ad litem*, chini ya Sheria ya Mirathi. Huombwa mahakamani kwa cheti cha kifo na barua ya chifu inayowataja walioachwa. Wake wakiwa wawili, chifu awaandike wote wawili. Mke aliyefichwa hujitokeza siku ya malipo, hilo nakuhakikishia. Mahakama ya Rufaa ililisema jambo hili mwaka 1993 katika kesi ya Trouistik Union: bila granti, huna haki ya kusimama mahakamani kwa ajili ya mali ya marehemu.

Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, ina mlango wa pembeni: miezi 6 ikipita bila msimamizi wa mali ya marehemu kushtaki, wategemezi waweza kushtaki kwa majina yao. Lakini mlango huo haufiki kwenye madai ya marehemu mwenyewe chini ya Sura ya 26 (Sheria ya Marekebisho ya Sheria), kwa hivyo granti ni bora.

Na wategemezi ni nani? Mume, mke, wazazi na watoto, pamoja na mababu na wajukuu. Ndugu hayumo. Kaka aliyekuwa akikulipia karo akifa, wewe huna dai chini ya Sura ya 32, hata kama kijiji kizima kinajua alikulea.

Muda: miaka 3 tangu kifo. Gari likiwa la serikali kuu au la kaunti, ni miezi 12 tu. Aliyefia kazini ana njia nyingine, inayoanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kwa hivyo mweleze wakili mapema kama marehemu alikuwa zamu.

Hatua ya nne: wakili sasa

Tafuta jina lake kwenye tovuti ya LSK, chama cha mawakili Kenya, uone kama ana leseni ya mwaka huu. Nenda ofisini kwake mwenyewe. Muulize nani atasimama kortini, na kama atapeleka notisi kwa kampuni ya bima kabla ya kufungua kesi. Notisi hiyo ikisahaulika, unaweza kushinda na bima ikakataa kulipa. Wakili asiyejibu swali hilo moja kwa moja, mshukuru kwa chai uondoke.

Ada ndiyo inayoleta ugomvi. Mitaani utasikia "asilimia 30 tukishinda, tukishindwa hulipi". Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, haitambui mkataba wa malipo kwa sharti la kushinda. Taka barua inayotenganisha ada ya wakili, ada ya mahakama na gharama nyingine, na risiti kwa kila shilingi unayotoa. Ukishinda, kwa kawaida mshtakiwa huagizwa kulipa gharama; uliza mapema zitahesabiwaje kwenye ada yako.

Hatua ya tano: jua hesabu kabla ya kuambiwa

Tuseme marehemu alikuwa na miaka 40, akibakiwa na 30,000 kwa mwezi baada ya makato, na ameacha mke na watoto. Hakimu akikubali kwamba angefanya kazi miaka 15 zaidi: 30,000 mara 12 mara 15, kisha theluthi mbili, sehemu inayohesabiwa kuwa ilikuwa ikienda kwa familia, ni 3,600,000. Asiyeoa huhesabiwa theluthi moja mara nyingi. Asiye na ushahidi wa kipato, hakimu huweza kutumia mshahara wa kima cha chini au kutoa kiasi kimoja cha jumla, na kwa mtoto mdogo ni hivyo pia. Juu yake huja uchungu kabla ya kifo na kupotezewa umri wa kuishi, na hili la pili mara nyingi ni 100,000. Na kama marehemu alikuwa kwenye boda bila helmeti, au alivuka ovyo, asilimia fulani hukatwa.

Sasa angalia: bima ya lazima ya gari hailazimiki kulipa zaidi ya 3,000,000 kwa mtu mmoja. Zile 600,000 zinazobaki anadaiwa mwenye gari mwenyewe. Ndiyo sababu nilisisitiza rekodi ya NTSA.

Hatua ya sita: pesa zikitoka

Hundi huingia akaunti ya wateja ya wakili, si mfukoni mwake. Omba nakala ya hukumu, nakala ya barua ya bima iliyokuja na hundi, na hesabu iliyoandikwa ya makato yote. Mgao wa kila mtegemezi hutajwa na mahakama, na wa watoto huweza kuwekwa hadi watimize miaka 18. Mjomba hana ruhusa ya kuununulia matatu. Wakili akikuzungusha, Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili hupokea malalamishi bila malipo. Beba ile barua ya ada na risiti zako.