Kupinda boriti ya chuma kwa moto bila kuiharibu

Juzi hapa Malindi kijana kaniuliza, ati boriti ya mita 12 mnaipinda na mashine gani? Nkamwambia mashine hakuna, ni tochi ya gesi, chaki na subira, akadhani namfanyia mzaha. Kule Matondoni, Lamu, fundi wa jahazi anatafuta mti uliojipinda wenyewe atoe mataruma, zile mbavu za chombo, sisi wa chuma hatuna bahati hio, boriti yaja imenyooka tii na daraja lina kona.

Kwanza elewa hivi, boriti haipati kona ukiwa waichoma, yapata ikipoa. Pale unapochoma panataka kurefuka lakini chuma baridi kimepabana, sa badala ya kurefuka panavimba, alafu pakipoa panajivuta na kuwa pafupi kuliko mwanzo. Ndo maana upande uliochomwa huwa wa ndani ya kona. Mara yangu ya kwanza sikuyajua haya, nilichoma nikaona boriti inaenda upande siutaki, nikashikwa na wasiwasi nikahamia kuchoma ule mwengine, asubuhi nakuta boriti imenyooka vilevile na mtungi wa gesi umeisha.

Haya, ilaze kwa ubavu, magogo miisho yote miwili, na ingine katikati ziwe chini kidogo bila kuigusa, manake chuma cha moto ni laini chaweza kushuka ghafla kwa uzito wake. Ukiilaza hivo, choma kingo za juu za flanji, yaani zile bapa mbili za boriti zilizoungwa na ukuta wa kati, uzito wenyewe utakusaidia. Chora V kwa chaki kwenye flanji zote mbili, mdomo wa V uwe ukingoni na ncha ielekee ule ukuta wa kati, zitawanye urefu wote wa boriti. Anza kuchoma kwenye ncha ukija ukingoni, kwa zigizaga, usirudi nyuma. Na flanji zote mbili zichomwe pamoja, watu wawili tochi mbili, la sivyo boriti itajisokota na kuisokotoa ni kazi ya kulia.

Joto sasa. Kwenye madaraja ya Marekani kikomo cha chuma cha kawaida ni nyuzi 620 za Selsiasi. Hapo wekundu wake ni hafifu sana, kivulini utauona kwa shida na kwa jua letu la saa saba huoni kitu, utadhani bado kumbe ushapitiliza. Usiamini macho, nunua zile chaki za joto zinazoyeyuka zikifika nyuzi zilizoandikwa, ikiyeyuka tu toa tochi. Na maji usimwage! Wacha ipoe yenyewe.

Kupima ni asubuhi mapema kabla jua halijapiga upande mmoja, lenyewe laipinda pia. Vuta uzi mwisho hadi mwisho, pima pengo la katikati. Hesabu: urefu mara urefu, gawa kwa nane mara nusu kipenyo cha kona. Mita 12 kwa kona ya nusu kipenyo mita 180 yatoka sentimita 10. Ukipata 7 ongeza V katikati ya zile za jana, sio juu yake. Ukipata 12, V chache upande wa nje, polepole. Rangi ni baadae, aliyepaka mapema ataikwangua.