Usitoke Uingereza ombi lako likiwa halijajibiwa

Baba yangu alizikwa Wete alasiri moja ya Novemba 2022, karafuu zikiwa zimeanikwa majamvini, na mimi nilikuwa jikoni Northampton, Uingereza, nimeshika pasipoti mkononi. Nauli ilikuwepo. Mume wangu alishatoa gari nje anipeleke uwanja wa ndege. Sikwenda. Miezi miwili nyuma nilikuwa nimetuma ombi la kuongeza muda wa viza ya mwenza, na jibu lilikuwa halijatoka.

Sasa kila nikija Pemba hakosi mtu kunifuata barazani kwa mama. "Dada, ombi langu liko kule bado. Naweza kutoka wiki mbili tu nije nimuone bibi?" Nawajibu wote hapa.

Ukiwa ndani ya Uingereza ukatuma ombi, liwe la kuongeza muda kwa fomu ya FLR(M) au la ukaazi wa kudumu kwa SET(M), kisha ukatoka kabla hujajibiwa, ombi linahesabiwa kuwa umeliondoa mwenyewe tangu siku uliyotoka. Haijalishi umetoka kwa siku mbili au kwa miezi miwili, kwa harusi au kwa msiba. Kutoka maana yake ni kuvuka nje ya Uingereza, Ireland, Isle of Man na visiwa vya Jersey na Guernsey. Nako Ireland mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza yao, kwa hiyo usiifanye ndiyo njia ya kupumulia.

Kinachowaponza wengi ni pasipoti. Siku hizi ukienda kwenye miadi ya alama za vidole wanaipiga picha na kukurudishia palepale. Mtu anarudi nayo mkobani, anaona viza ya zamani ina tarehe, anadhani ameruhusiwa. Kurudishiwa pasipoti si ruhusa ya kusafiri.

Ukipigiwa simu ya ugonjwa katikati ya kusubiri, kabla ya kutafuta tiketi angalia viza uliyonayo inaisha lini. Kama bado ina muda, unaweza kutoka na ukarudi kwa viza hiyohiyo. Ombi litakufa, na utaomba upya na kulipa upya kabla tarehe ile haijafika. Inauma mfukoni, lakini inawezekana, na kwa mzazi aliye mahututi mimi ningelipa. Kama imeshaisha, jambo ni jengine kabisa. Hapo unaishi kwa kifungu cha 3C cha Sheria ya Uhamiaji ya 1971, kinachokuongezea ruhusa ya zamani mpaka ujibiwe, na kinga hiyo inakatika pale unapotoka nchini. Kurudi ni kuomba viza ya mwenza upya kutoka Tanzania, pamoja na kipimo cha kifua kikuu na ushahidi wa kipato, na mume na watoto wanakungoja Uingereza.

Mimi viza yangu ilikuwa imeisha Oktoba. Ndiyo maana niliisikiliza hitma ya baba kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai, kaka yangu akiielekeza kwa mama kila baada ya muda. Na hata ningetoka usiku ule nisingeyawahi mazishi. Kwetu maiti hailazwi. Kutoka Northampton hadi Wete ni ndege mbili, boti ya kuteremkia Mkoani, kisha gari kupanda kaskazini. Yule niliyepaswa kumuwahi alikuwa baba akiwa hai, mwezi Agosti, kabla sijatuma chochote. Nilijua anaumwa. Nilisema acha kwanza nitume, nikipata nitakwenda kwa raha.

Kwa hiyo safari iende kwanza, ombi lifuate. Muda wa kufanya hivyo upo ukiutafuta kwenye kalenda. Viza ya kwanza ya mwenza hutolewa kwa miezi 33, ya pili kwa miezi 30, na ukaazi wa kudumu unaombwa ukitimiza miaka mitano, ukiruhusiwa kutuma siku 28 kabla. Jumlisha, utaona kuna nafasi ya miezi kadhaa kati ya siku unayoruhusiwa kuomba na siku viza ya pili inapokwisha. Mimi niliingia Januari 2020, na viza ya pili nilipewa Januari 2023, mwisho wake Julai 2025. Miaka mitano ikatimia Januari 2025. Nilikuwa na nusu mwaka mkononi.

Nikaigawa hivi. Mtihani wa maisha ya Uingereza, maswali 24 na kufaulu ni 18, niliumaliza mapema kwa sababu matokeo yake hayaishi muda. Mwisho wa Januari nikaja Wete, wiki tatu za kukaa na mama kabla ya Ramadhani. Tulipepeta mchele, tukazuru kaburi, sikufungua karatasi hata moja. Nikarudi, na Machi nikatuma. Nililipa pauni 1,000 za ziada ili nijibiwe mwisho wa siku ya kazi inayofuata baada ya alama za vidole. Ni fedha nyingi, zilitoka kwenye upatu wa wanawake wenzangu, na sijutii hata senti. Ukiwa na mzazi mzee nyumbani, anza kuziweka mwaka mmoja kabla. Nafasi za huduma hiyo huisha, kwa hiyo fungua ukurasa wa malipo asubuhi na mapema, tena siku nyingi kabla viza haijakaribia mwisho.

Weka daftari la safari. Fomu inataka tarehe za kutoka na kuingia Uingereza, siyo za kufika Pemba, na tofauti yake ni siku mbili kila upande. Kwa njia ya mwenza hakuna idadi maalumu ya siku unazoruhusiwa kuwa nje, lakini wanataka waone mnaishi pamoja kule. Watakuomba barua sita za miaka miwili kutoka sehemu tatu tofauti au zaidi: benki, halmashauri, umeme, maji, daktari. Mtu akikaa Pemba miezi minne, barua zake zinakatika na maelezo yanaanza. Barua ziwe na jina lako, siyo la mume peke yake. Wengi wetu hapo ndipo tunapokwama, maana bili zote ziko kwa bwana. Na cheti cha ndoa kama kimeandikwa Kiswahili kitafsiriwe, mfasiri aweke saini yake, tarehe na anwani.

Jengine ni la wakati wa kurudi. Kadi zile za plastiki za ruhusa ya kuishi Uingereza (BRP) zilikoma mwisho wa 2024, na ruhusa sasa iko kwenye akaunti ya intaneti iliyofungwa na namba ya pasipoti. Nilipokuwa naondoka Unguja Februari, msichana wa kaunta aliigeuza kadi yangu mara mbili akaniambia imekwisha. Nikamfungulia simu, akapiga namba zake, akanipa tiketi ya kupandia. Aliyekuwa nyuma yangu alikuwa amebadilisha pasipoti na hakuiingiza mpya kwenye akaunti. Alitolewa pembeni na mizigo yake, na mimi nilipanda nikamuacha bado amesimama pale. Ukibadilisha pasipoti, iingize siku hiyohiyo.

Ukishapata ukaazi wa kudumu, safiri utakavyo, ila usikae nje miaka miwili mfululizo ukaupoteza. Kwa sisi tunaobaki na pasipoti ya Tanzania, maana sheria yetu haimruhusu mtu mzima uraia wa nchi mbili, tarehe ya kutimia miaka hiyo miwili inafaa iandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari.