Maswali kwa lahaja ya Gyeongsang: anza na -na na -no

Wengi wetu tulifundishwa Kikorea cha Seoul. Ukishuka Busan au Daegu, kusini-mashariki, unasikia kama kila mtu anagomba. Hawagombi, ndiyo lahaja yao, ya eneo la Gyeongsang, na inapendeza sana ukiizoea. Wanafunzi wangu huwaanzisha na maswali, kabla hata ya msamiati. Uwe tayari unasoma Hangul, yaani herufi za Kikorea.

Hatua ya 1. Jiulize: jibu ni ndiyo au hapana, au swali lina neno la kuulizia kama nani, nini, wapi? Seoul kitenzi humalizika vilevile. Gyeongsang hapana.

Hatua ya 2. Swali la ndiyo au hapana, malizia kwa -na: 밥 묵었나? (bap mugeonna), umekula? Likiwa na neno la kuulizia, malizia kwa -no: 뭐 묵노? (mwo mungno), unakula nini? Kula huku ni mukda, si meokda.

Hatua ya 3. Baada ya nomino, tumia -ga kwa ndiyo au hapana, na -go kwa neno la kuulizia. 니 책이가? ni kitabu chako? 이기 뭐고? hiki ni nini?

Hatua ya 4. Hapa kaa sana. Linganisha 어데 가노? (eode gano), unaenda wapi, na 어데 가나? (eode gana), kuna mahali unaenda? Seoul yote mawili ni eodi ga, wanatofautisha kwa kiimbo tu. Nasi tukiuliza "Umekula?" tunapandisha sauti mwishoni, na tabia hiyo tunaihamishia kwenye Kikorea. Iache. Gyeongsang mwisho wa swali mara nyingi hushuka, kwa kuwa -na au -no imeshabeba kazi ya kuuliza.

Tena lahaja hii hutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Namba 2 na herufi E zote hutamkwa "i", ila 2 iko chini, E iko juu. Soma kwa sauti vipeo hivi: 2², 2ᴱ, E², Eᴱ. Jirekodi, kisha ulinganishe na mzawa wa Busan.

Hatua ya 5. -na na -no ni za rika lako au wadogo. Kwa mkubwa, badili -kka, mwisho wa swali la adabu la Seoul, iwe -kkeo. Mama muuza samaki sokoni Jagalchi, Busan, muulize 얼맙니꺼? (eolmamnikkeo), bei gani? Yeye akikuuliza 어데서 왔노? (eodeseo wanno), ile -no inataka mahali: mtajie nchi yako.