Vipara Katika Shamba Jipya la Boma Rhodes: Fukua Kwanza, Mbegu Baadaye

Wiki ya tatu au ya nne baada ya kupanda, mkulima wa Njoro au Rongai, huko Nakuru, huenda kukagua shamba lake la Boma Rhodes, nyasi za kulisha mifugo, akakuta limeota mabaka mabaka: hapa kijani, pale udongo mtupu. Wengi hukimbilia agroveti kununua mbegu nyingine. Ndugu mkulima, subiri kidogo. Mbegu hiyo ni ghali, na ukiimwaga mahali penye tatizo lile lile, itapotea kama ya kwanza.

Piga magoti kwenye kipara. Chukua kijiti, ukwangue udongo polepole. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo shambani kwangu, nilikuta vichipukizi vyeupe kama uzi vimejikunja chini ya udongo wa vidole vitatu, vimeishiwa nguvu kabla ya kuona jua. Nilikuwa nimefukia kwa jembe, kama mtu anayepanda mahindi. Mbegu ya Boma Rhodes ni nyepesi kama makapi. Ukiipuliza kiganjani inapeperuka. Chakula kilichomo ni kidogo mno, hivyo isifukiwe kupita sentimita 1 au 2.

Usipokuta kitu, lisome umbo la kipara. Kikiwa kwenye mteremko, na upande wa chini nyasi zimesongamana, basi maji yalizisomba mbegu. Udongo mwingi wa Nakuru umetokana na majivu ya volkano, ni mwepesi, na mvua kubwa ya Aprili huubeba upesi. Kikizunguka shimo la sisimizi, wao ndio waliozichukua. Na kama pamejaa mabonge, shamba halikulainishwa vya kutosha; mbegu zilidumbukia katikati ya mabonge zikakosa udongo wa kuzishika.

Kipara kisichozidi hatua moja, kiache. Nyasi hizi hutambaa: hutoa mashina yanayolala juu ya udongo na kutia mizizi kwenye vifundo, na pengo hujifunga lenyewe. Kazi yako ni kung'oa magugu kama sangari na kishona nguo kwa mkono kabla hayajateka nafasi hiyo.

Pengo kubwa lina njia mbili. Ukipanda mbegu tena, hakikisha mvua bado ipo ya wiki kadhaa. Ikiwa ya masika inakatika, ngoja ile ya Agosti. Vunja mabonge kwa reki, changanya mbegu na mchanga mkavu au samadi iliyochekechwa, mwaga ukienda na ukirudi, kisha buruta tawi lenye majani juu yake na ukanyagekanyage. Kwenye mteremko, tandaza nyasi kavu kidogo zisizo na mbegu ili matone ya mvua yasiupige udongo moja kwa moja.

Njia ninayoipenda zaidi ni kuhamisha miche. Pale chini ya mteremko nyasi zilikosongamana ndipo penye kitalu chako, tena bila gharama. Siku ya mvua, chimbua shina na udongo wake, ligawe vipande vyenye machipukizi mawili au matatu, punguza majani yabaki urefu wa kiganja, upande kila futi moja na ushindilie kwa kisigino. Funika miche kwa gunia bichi wakati unachimba mashimo, maana nusu saa ya jua kali huinyausha. Yote ipandwe siku hiyo hiyo.

Kisha funga shamba. Ndama mmoja aliyeachwa humo kwa siku moja anaweza kuharibu kazi ya mwezi mzima. Kabla ya kuwaza malisho, shika majani ya mche uliohamisha uvute kwa nguvu, kama ulimi wa ng'ombe unavyofanya. Majani yakikatika mkononi, mizizi imeshika. Mche ukichomoka wote, urudishe, ushindilie tena, na lango libaki limefungwa.