Namna ya kulinganisha reti yako ya mtandaoni na ya FIDE

Mashindano ya sataranji yakikaribia, swali klabuni ni lilelile: "Kocha, nina 1800 Lichess. FIDE itakuwa ngapi hiyo?" Reti ni namba ya kiwango cha mchezaji; Lichess na Chess.com ni tovuti za kucheza mtandaoni, FIDE ni shirikisho la sataranji la dunia. Fomula ya kubadilisha moja kwa moja haipo. Makadirio yanayofaa yapo, ukifuata utaratibu.

Hatua ya 1: Jua reti yako imezaliwa wapi

FIDE wanatumia mfumo wa Arpad Elo tangu 1970. Chess.com wanatumia Glicko na Lichess Glicko-2, zote mbili kazi ya Mark Glickman. Mifumo yote hii inapima kitu kimoja: umbali kati yako na wale unaocheza nao. Anayeshika namba moja shuleni kwake anaweza kuhamia shule ya jirani akawa wa kumi, na hakuna alichosahau njiani. Lichess kila akaunti mpya inaanzia 1500. Chess.com inategemea kiwango ulichojichagulia wakati wa kujisajili. FIDE hawatoi reti iliyo chini ya 1400. Namba zenyewe, basi, hazina mwanzo mmoja.

Hatua ya 2: Linganisha muda kwa muda

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mchezo wa dakika 10 kwa kila mchezaji, bila nyongeza ya sekunde kwa kila hatua, ni rapidi (mchezo wa haraka) kwa Chess.com, ni rapidi kwa Lichess, lakini kwa FIDE ni blitsi (wa haraka zaidi). Rapidi ya FIDE inaanzia juu ya dakika 10 na kuishia chini ya 60. Kwa hiyo "rapidi" yako ya simu, kama yote ni michezo ya dakika 10, ilinganishe na blitsi ya mezani, yaani ya ana kwa ana. Kwa mashindano ya mchezo mrefu, angalia michezo yako ya 30+20 (dakika 30, na sekunde 20 za nyongeza kwa kila hatua) au zaidi. Kama huna, cheza kwanza ndipo uje kuuliza.

Hatua ya 3: Angalia kama reti imetulia

Lichess wakiweka alama ya kuuliza baada ya namba, wanakwambia wenyewe kwamba bado hawana hakika. Glicko inahifadhi kiasi cha shaka juu yako, na shaka hiyo inakua ukikaa bila kucheza. Ukirudi baada ya likizo ndefu, michezo michache tu inaweza kukurusha mbali. Usilinganishe siku hiyo.

Hatua ya 4: Tupa majedwali ya zamani

Machi 2024 FIDE walipandisha reti za mchezo mrefu zilizokuwa chini ya 2000. Kila mtu aliongezewa asilimia 40 ya pengo lake hadi 2000: wa 1500 akawa 1700, wa 1000 akawa 1400. Jedwali la 2022 linalosema "Lichess 1800 ni sawa na FIDE 1500" linazungumzia dunia ambayo haipo tena, na bado watu wanalirushiana kwenye magrupu ya WhatsApp.

Hatua ya 5: Tengeneza jedwali lako

Tafuta wachezaji wa eneo lako wenye reti ya FIDE hai na akaunti ya mtandaoni wanayoitumia kweli. Andika namba zote mbili za kila mmoja, kwa muda unaofanana, kisha toa ya FIDE kwenye ya mtandaoni. Panga tofauti hizo kutoka ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati, uitoe kwenye reti yako ya mtandaoni. Wanafunzi wa sekondari waweke pembeni: wanajifunza mtandaoni kila usiku huku mashindano ya FIDE wakiyapata kwa nadra, hivyo reti zao za mezani huwa nyuma ya uwezo wao. Hao ndio wanaowaliza wazee raundi ya kwanza.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya mezani mwenyewe

Tuseme una 1600 na unakutana na wa 1700. Mfumo unakutarajia upate pointi 0.36. Kizidisho chako (namba inayoamua reti inapanda au kushuka kwa kiasi gani) kikiwa 20, ukishinda unapanda 12.8, sare inakupa 2.8, ukifungwa unashuka 7.2. Kwa mchezaji mpya kizidisho ni 40 hadi atimize michezo 30, kwa hiyo namba hizo zinakuwa mara mbili.

Na kama huna reti kabisa, unahitaji michezo 5 dhidi ya wenye reti. FIDE wanakuongezea sare mbili za kufikirika dhidi ya wapinzani wa 1800. Wapinzani wako watano wakiwa na wastani wa 1600 na ukapata pointi 2, hesabu inakuwa pointi 3 kwa michezo 7, wastani wa wapinzani 1657. Asilimia 43 kwenye jedwali la FIDE ni kutoa 50, unaanza na takriban 1607. Ukiambulia sifuri mashindano ya kwanza, matokeo hayo hayaingii kwenye hesabu kabisa, kwa hiyo pigania walau sare moja.